Waya Nilioufunga Chini ya Boneti

Mpepai, Jumapili alasiri

Mwanangu Skolastika,

Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari, nawe umekwenda Mbinga mjini kurudisha ufunguo wa banda lako la ufundi kwa mwenye nyumba. Nina saa mbili hivi kabla hujarudi. Sitazitumia kukuambia uvae sweta, uangalie mizigo yako ndani ya basi au upige simu ukifika Dodoma. Hayo mama yako amekwisha kuyasema mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nawe unalijua. Umelijua tangu mwezi wa sita na hukumwambia mtu yeyote. Ninaandika ili ujue kwamba nami ninajua kuwa unajua.

Nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikiwadai wanafunzi wangu. Usiruke aya hata moja, hata zile usizozihitaji. Mimi ndiye ninayezihitaji.

Gari la umeme la Bwana Salehe lilikaa bandani kwako siku nne. Afisa yule wa kutoka Tanga, ambaye baridi ya Mbinga humtoa machozi, alilileta kwa sababu hita yake ilikuwa ikipuliza hewa baridi. Mafundi wengine wa mjini walikuwa wamemcheka. Mmoja alimwambia kuwa gari lisilo na injini haliwezi kuwa na moto, akawashe jiko la mkaa kiti cha nyuma. Wewe hukumcheka. Ulimwambia, "Moto upo, Bwana, ila hauzunguki." Nilikuwa nimeketi pale kwenye benchi la mlangoni nikinywa kahawa yako, na moyoni nilisema: msichana huyu anajisifu.

Ulinifundisha siku ile, nami nilijifanya nakusikiliza kwa hisani. Ulisema, "Baba, kwenye lori lako joto la hita lilikuwa la bure, kwa sababu injini ilikuwa inalitupa tu. Hapa hakuna injini ya kuchemka. Kuna kitu kama birika la umeme, kinapasha kulanti, yaani maji yenye dawa, halafu pampu ndogo inaisukuma mpaka nyuma ya dashibodi." Kisha ukanionyesha daftari lako. Kwanza kitufe. Pili kitangi cha kulanti. Tatu kutega sikio kwenye pampu. Nne kushika mipira miwili ya kulanti kwa mikono: mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, kulanti haizunguki, kuna hewa ndani; yote miwili ikiwa ya baridi, umeme haufiki kwenye birika, tazama fyuzi. "Na nyaya hizi za rangi ya machungwa huzigusi, Baba, hata Askofu akikuomba."

Nilikuuliza kwa nini unaanza na kitufe. Ulijibu, "Kwa sababu ndilo kosa la mwenye gari, na hakuna mwenye gari anayekubali kuwa ni lake."

Nilicheka. Ninakumbuka kwamba nilicheka.

Uliitoa hewa kwenye mfumo, gari likapata joto, ukamwita Bwana Salehe. Yeye alikuwa ameitwa Songea kikazi, na mkewe alikuwa akishuka siku iliyofuata kutoka kwenye meli pale Mbamba Bay, pamoja na mtoto wao wa miezi mitatu. Akauliza nani angeweza kuwafuata kwa gari lile. Ulinitaja mimi. Ulisema kuwa nimeendesha lori la kahawa miaka sita kabla ya kuwa mwalimu na kwamba sijawahi kukwaruza hata taa. Ulinipa ufunguo mbele yake.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashimo ya kilimo chetu cha ngolo hata mashamba hayakuonekana. Ulisimama dirishani ukaniambia, "Baba, hewa ikitoka baridi, usifungue kitu. Tazama kitufe hiki. Kisipokuwa na taa, feni inapuliza tu, haipashi. Kibonye, usubiri dakika mbili."

Nikasema, "Nilikuwa nikiendesha magari kabla hujazaliwa."

Ukasema, "Najua, Baba. Ndiyo maana nakuambia."

Maneno hayo yalinichoma. Leo naona yalikuwa ya upendo na ya kweli, lakini nilipoanza kuteremka kwenda Mbamba Bay nilikuwa bado ninayatafuna kama mtu aliyeuma jiwe kwenye maharage. Sikuwa nikiwaza barabara. Nilikuwa nikiwaza kuwa mtoto niliyemfundisha kushika kalamu ananifundisha kushika usukani.

Nilipofika penye baridi kali niliwasha hita. Ikapuliza hewa baridi. Sikutazama kitufe. Ninataka ulielewe hili vizuri: sikusahau. Nilikumbuka maneno yako neno kwa neno, na kwa sababu niliyakumbuka sikutaka kuyafuata. Niliendelea hadi kwenye kijito kile cha chini ya kona mbili, ambacho kila dereva wa zamani anakijua, penye kopo lililofungwa kwa kamba kwenye mti kwa ajili ya kuchotea maji ya rejeta. Wakati wa malori, hita ikipuliza baridi maana yake ilikuwa moja: maji yamepungua. Unasimama pale, unajaza, unalegeza mpira wa juu, hewa inatoka kwa mlio, unakaza, unaondoka. Nilifanya hivyo mara nyingi sana ujanani, na wasafiri waliokuwa juu ya magunia walikuwa wakinipigia makofi.

Nikafungua boneti. Kitangi kilikuwa kimejaa, kati ya mstari na mstari. Macho yangu yaliona hivyo, lakini mkono wangu ukachota maji ya kijito na kuongeza. Kisha nikalegeza klipu ya mpira. Hakukuwa na mlio wowote. Kulanti ile ya rangi ya waridi ilimwagika juu ya kiatu changu, na klipu ikaruka. Niliitafuta kwenye majani nikaipata, lakini ni klipu ya kubana kwa nguvu, na vidole vyangu havina nguvu hiyo tena. Nikaitia mfukoni mwa koti. Nikachukua kipande cha waya, ambacho mtu wa umri wangu hakosi kuwa nacho, nikaufunga mpira.

Niliporudi ndani nikaona kitufe hakina taa. Nikakibonya. Hewa ya moto ilikuja kwa muda wa kusali Baba Yetu moja, kisha ikapoa, na haikupata moto tena.

Hapo ndipo nilipojua. Simu ilikuwa mfukoni, mtandao ulikuwapo pale kilimani. Ungeweza kunielekeza, au ungepanda pikipiki ukanifuata. Sikupiga. Sikutaka kuisikia sauti yako ikiniuliza, "Baba, umefungua nini?"

Mbamba Bay kulikuwa na jua. Niliegesha kwenye nyumba ya wageni, wakaniruhusu kuchaji gari, nikala samaki, nikaingoja meli ambayo, kama kawaida, ilichelewa. Katika joto lile la ufukweni hita ni jambo la kuchekesha. Nilijidanganya kwamba labda ingejirekebisha yenyewe. Mimi, niliyekuwa nikiwaandikia wazazi kwamba mtoto asiyesahihisha kosa lake atalirudia!

Tulianza kupanda jioni. Mama Zuhura, mkewe Bwana Salehe, alikuwa nyuma na mtoto. Tulipoingia kwenye mawingu alisema, "Mwalimu, samahani, mbona hewa hii ni ya baridi?"

Nikamjibu, "Inachelewa kupata moto, Mama. Magari haya ndivyo yalivyo."

Unaona? Hata gari nililisingizia. Kioo cha mbele kilijaa ukungu, nikalazimika kufungua dirisha ili nione barabara, na upepo wa mlimani ukawapiga moja kwa moja. Mtoto alilia, kisha akaacha kulia, na kule kuacha kulinitisha zaidi. Nilisimama, nikavua koti langu, nikampa mama yake amfunike. Alinishukuru. Alisema, "Mungu akubariki, Mwalimu, wewe ni baba." Na klipu ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lile, juu ya kifua cha mtoto.

Mtoto Zuhura alilazwa siku tano kwa homa ya mapafu. Alipona. Ninaandika neno hilo peke yake kwa sababu bila hilo nisingeweza kuandika mengine. Daktari hakusema kwamba baridi ya safari ndiyo iliyomfanya augue. Alisema huenda alikuja na mafua kutoka melini. Nimejaribu kuishi ndani ya neno "huenda" kwa wiki kumi. Ni chumba kidogo sana.

Siku ya sita Bwana Salehe alilileta gari bandani. Mimi nilikuwa palepale kwenye benchi langu. Hakukusalimia. Alisema, "Binti, uliniambia limepona."

Ukafungua boneti. Nilikuona ukiinama, nikakuona ukinyamaza. Kulanti ilikuwa imepauka kwa maji ya kijito, na kwenye mpira kulikuwa na waya. Mizunguko mitatu, ncha imepindwa ndani isimchome mtu. Umeuona waya huo maisha yako yote. Ndivyo nilivyofunga mlango wa banda la kuku, mpini wa jembe la mama yako, na mkoba wako ulipokatika ukiwa darasa la tatu. Ungeweza kuutambua gizani kwa kidole.

Uligeuka ukanitazama. Hukunikasirikia. Ulikuwa ukingoja, kama mtu anavyosubiri mwenzake amalize kutafuna ili aseme. Nami nikatazama kiatu changu.

Bwana Salehe akasema, "Huo waya ni nini? Ndivyo mnavyofundishwa chuoni, kufunga gari la mtu kama ua wa bustani?"

Ukasema, "Ni jukumu la banda langu, Bwana. Ninaomba radhi. Nitalitengeneza sasa hivi."

Hukusema uongo. Nimelichunguza jibu lako mara nyingi na sikuona uongo ndani yake. Ulikata waya, ukaweka klipu mpya, ukamwaga kulanti ile iliyochanganyika ukajaza nyingine, ukawasha pampu, ukangoja mapovu yaishe. Haikufika hata saa moja, hita ikapuliza moto. Bwana Salehe aliweka kiganja kwenye tundu la hewa, akasema, "Umetengeneza ulichoharibu. Na mwanangu je, ungemtengeneza?" Akaondoka. Wewe ukaufagia ule waya pamoja na takataka, taratibu, bila kunitazama tena.

Yaliyofuata unayajua, lakini hujui jinsi nilivyoyatazama mimi. Wiki ile ile wateja wako walianza kupita mbele ya banda bila kusimama. Parokia iliondoa gari lake. Hata wenye pikipiki walikwenda kwa yule fundi wa jiko la mkaa. Na siku ukoo ulipokutana kwenye sengu, tulipokula pamoja kama babu zetu walivyotuachia, ili aliyekosa aambiwe mbele ya chungu kimoja, baba yako mdogo Kasiani alisema kwa sauti, "Mtoto wa kike mpeni cherehani. Mkimpa gari, anawafungia kwa waya." Wazee wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pa mkubwa. Neno langu lilikuwa linangojwa. Nikasema, "Tule, chakula kinapoa."

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama yako akichambua maharage. Hakuinua macho. Aliuliza, "Huo waya wanaousema, ulikuwa na mizunguko mingapi?"

Kesho yake aliukata waya wa mlango wa banda la kuku, akafunga kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Kuku walitoka siku mbili mfululizo wakala mbegu zake, naye akawafukuza. Hataki waya wangu mahali popote anapouona.

Sasa unakwenda Dodoma, kwenye karakana ya bajaji za umeme. Huendi kama fundi. Unakwenda kuosha na kushika taa, kwa sababu mwenye karakana alimpigia simu mteja wako wa mwisho, Bwana Salehe, naye akamweleza alichokiamini. Umejifunza miaka mitatu, umeajiriwa kushika taa, na aliyekufikisha hapo ni baba yako.

Kuna jambo jingine nitakuambia, kwa kuwa nimegundua kuwa lile la kijito halikuanzia kijitoni. Ulipokuwa darasa la sita, nikiwa mwalimu wako, redio ya shule ilinyamaza katikati ya kipindi. Nikatangaza kwamba imekufa. Ulinyosha mkono ukasema, "Mwalimu, betri moja umeigeuza." Nilikutoa nje kwa kumkatiza mwalimu. Kengele ilipolia na darasa likawa tupu, nilifungua redio, nikageuza betri, ikaimba. Nikaizima upesi. Kesho yake niliwaambia wanafunzi kwamba nimeitengeneza, na wewe uliketi dawati la pili ukiwa umenyamaza kwa namna ile ile. Nilidhani umesahau. Nadhani siku ile ndipo ulipojifunza kuninyamazia, na mimi ndiye niliyekufundisha.

Watu hunisifu kwamba sina doa. Miaka yote hiyo nimeamini kuwa ni kwa sababu sikosei. Kumbe ni kwa sababu palikuwa na mtu karibu yangu wa kuyabeba makosa yangu.

Juzi Ijumaa nilikwenda nyumbani kwa Bwana Salehe. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama: kitufe, kopo, klipu, waya, simu ambayo sikuipiga. Mama Zuhura alikuwa mlangoni na mtoto begani. Zuhura amenenepa. Nilinyosha mikono ili nimpokee, kama afanyavyo mzee yeyote, naye mama yake akamhamishia bega la pili.

Bwana Salehe akasema, "Mwalimu, mimi nilimwambia mtu wa Dodoma kwamba binti yako ataua mtu."

Nikasema, "Mpigie tena."

Akasema, "Nitampigia. Lakini neno la pili halina miguu kama la kwanza." Kisha akauliza, "Yeye alijua?"

"Alijua tangu alipofungua boneti."

"Na akaniomba radhi mimi?" Akashika kichwa. "Nenda, Mwalimu. Tafadhali nenda."

Jana Jumamosi niliita sengu. Tulipomaliza kula nikasema kwamba waya ni wangu. Hapakuwa na kelele kama nilivyotazamia. Kasiani alinawa mikono, akasema, "Kaka, gari lilishatengenezwa, mtoto alishapona, msichana anaondoka. Unafukua nini?" Mzee mwingine akaongeza, "Mtoto akimbebea baba yake mzigo ni baraka. Mwache aende nao." Wakainuka wakaenda kutazama kahawa iliyoanikwa. Walikuwa wananihurumia, na walikuwa wakinipa tena kile kile nilichokichukua kwako. Nilibaki na chungu kitupu. Nilitambua kuwa hapa kwetu ukweli wangu umechelewa kiasi cha kukosa mtu wa kuupokea. Wamekwisha kuzoea wewe kuwa mkosaji, na mazoea hayo hayawagharimu kitu.

Kwa hiyo usidhani kwamba nimesafisha jina lako. Sijalisafisha. Nimejaribu siku mbili baada ya kulichafua wiki kumi.

Sikuombi usamehe. Mama yako aliniambia niandike neno hilo, lakini nimekataa, kwa sababu nikikuomba utanipa, na utanipa upesi, kama ulivyonipa kila kitu. Baada ya redio na waya, ungekuwa umebeba mzigo wa tatu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeandika yaliyotokea, hatua kwa hatua, bila maneno ya kujitetea, nikatia sahihi. Bwana Salehe naye ametia sahihi leo baada ya Misa. Alinifuata nje ya kanisa, yeye asiye wa kanisa letu, akasoma akiwa amesimama juani. Mwonyeshe mwenye karakana, au usimwonyeshe. Jina lililo juu ya karatasi ile ni langu.

Klipu nayo imo humo. Imekaa kwenye koti langu tangu siku ile, na kila nikitia mkono mfukoni imenibana kidole. Ni nzima. Inafaa kutumika. Na ikiwa mzee wa umri wangu atakuletea gari akisema hakugusa kitu, mheshimu, mpe kiti, kisha fungua boneti mwenyewe.

Kesho asubuhi tutakuwa stendi, mama yako, Kasiani na wengine waliokucheka. Utaniamkia kwa sababu nilikulea hivyo na kwa sababu watu watakuwa wanatazama. Safari hii usifanye hivyo kwa ajili yao. Mpe mkono mama yako, upande basi, ukae. Nimekwisha kumwambia Kasiani kwamba ukinipita bila salamu, asithubutu kukuita msichana asiye na adabu, kwa maana nitamweleza mbele ya stendi nzima ni nani asiye nayo.

Nasikia mama yako anakusalimia uani. Umerudi mapema.

Baba yako